Kocha mmoja, mji mmoja, miaka 56!

MPENZI msomaji, hebu nikuulize kaswali kadogo. Unamkumbuka kocha wa timu yako wa misimu mitatu iliyopita? Jina lake kamili, usinitajie lile la utani. Najua unakuna kichwa, usijisumbue. Bongo yetu kocha akifungwa mechi mbili anaanza kuulizwa habari za tiketi, na akifungwa na watani wa jadi ndiyo basi tena. Tunampokea uwanja wa ndege kwa matarumbeta na skafu shingoni, tunamwaga kwa mizomeo, na ndege yake haijaiva angani tayari mwingine anapigiwa matarumbeta yale yale.

Sasa sikia hii. Kuna kocha alianza kufundisha timu moja mwaka 1941, akaiachia mwaka 1997. Timu hiyo hiyo moja! Uhuru wa Tanganyika ulimkuta na filimbi mdomoni. Mapinduzi ya Zanzibar yakamkuta, Azimio la Arusha likamkuta, vita vya Kagera, ruksa ya Mzee Mwinyi, vyama vingi, vyote vikapita, yeye yupo pale pale pembeni mwa uwanja. Anaitwa Eddie Robinson. Timu yake ni ya chuo cha watu weusi kilichojificha kwenye misonobari ya jimbo la Louisiana, Marekani, mahali panapoitwa Grambling. Mimi nimefika, na leo nakupeleka.

KIBAO CHA NJIANI

Agosti 2025 nilikuwa Dallas, Texas, kwa kaka yangu wa tumbo moja. Kaka ni dereva wa lori, yale malori marefu unayoyaona kwenye sinema, na njia yake ni barabara kuu inayoitwa I-20, inayotoka Texas kwenda mashariki na kukatiza Louisiana, Mississippi na Alabama. Kila wiki anapita kibao kilichoandikwa Grambling.

"Nimekiona mara mia," akaniambia, "sijawahi kukata kona hata siku moja. Kwani kuna nini pale?"

Nikamwambia basi mara ya mia na moja tunakata wote, siku yake ya mapumziko, kwa gari dogo.

Wifi yangu naye si mtu wa mchezo. Alfajiri akatufungia chapati, kuku wa kukaanga na chupa ya chai, maana kaka hali vyakula vya njiani, anasema vinamvuruga tumbo. Zikumbuke hizo chapati, nitazirudia.

Kutoka Dallas mpaka Grambling ni kama kilometa 400, pungufu kidogo ya Dar mpaka Dodoma. Ni saa nne hivi za lami iliyonyooka kama rula. Texas unaiacha, mji wa Shreveport unaupita, halafu inaanza misonobari kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Kabla ya kufika unapita karibu na Gibsland, kijimji ambacho jirani yake, Mei 1934, polisi waliwamiminia risasi wale majambazi wapenzi, Bonnie na Clyde. Kaka alitaka tusimame tuone, nikakataa katakata. Sijapanda ndege mbili kutoka Bongo kuja kuangalia majambazi walipofia, hayo nyumbani tunayasoma magazetini kila wiki.

MJI WENYEWE

Grambling ina watu kama 5,000 tu. Ukipiga chafya ndani ya gari, ukifumbua macho umeshaupita. Hakuna maghorofa ya kwenye video wala taa za kuwaka na kuzima. Kuna majengo ya matofali mekundu, miti mirefu, kanisa hapa na kanisa pale, na kila nguzo imepakwa rangi nyeusi na ya dhahabu, rangi za chuo. Chuo ndiyo mji, na mji ndiyo chuo. Timu inaitwa Tigers, yaani simbamarara.

Joto la Agosti pale ni lile la Dar ya Februari, shati linagandia mgongoni saa tatu asubuhi. Chakula nacho si kigeni sana. Wana kambale wa kukaanga, na wana kitu wanakiita grits, uji mzito wa mahindi meupe. Mimi nikauangalia nikasema, huu ni ugali ulioogopa kusongwa. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

Chuo kilianza mwaka 1901. Wakulima weusi wa eneo lile walitaka shule ya watoto wao, wakaomba msaada kwa Booker T. Washington, yule mwalimu mashuhuri wa Tuskegee, Alabama, naye akawatumia kijana wake Charles P. Adams. Piga hesabu: utumwa Marekani ulikwisha 1865. Kwa hiyo miaka 36 tu baadaye, watu ambao wazazi wao waliuzwa mnadani wanachangishana wajenge shule. Baadaye shule ikapewa jina refu kama treni ya mizigo, Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Inasimuliwa kwamba washangiliaji wakianza kulitamka, kabla hawajafika mwisho wapinzani wameshafunga! Mwaka 1946 wakalikata, ikawa Grambling College, na 1974 ikawa chuo kikuu, Grambling State University.

MTOTO WA MKULIMA

Jumba la makumbusho la Eddie Robinson liko chuoni pale pale, kwenye jengo lililokuwa ukumbi wa michezo wa wasichana. Lilifunguliwa 13 Februari 2010, siku ambayo angetimiza miaka 91. Ndani kuna picha, vikombe, jezi na video, na hapo ndipo unapoelewa huyu mzee alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa 1919, baba yake akiwa mkulima wa shamba la mtu, wale wa kulima halafu mavuno mnagawana na mwenye ardhi. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani. Alikulia Baton Rouge, akasoma, akacheza mpira chuoni, akamaliza. Kazi aliyopata na elimu yake yote ilikuwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo, senti 25 kwa saa. Enzi hizo mtu mweusi mwenye shahada alishukuru kwa hicho hicho. Mwaka 1941 akasikia kuna nafasi Grambling. Akaenda, akapewa, mshahara dola 63.75 kwa mwezi. Alikuwa na miaka 22.

Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu, akafungwa tano. Kwa mtindo wetu angekuwa stendi ya mabasi kabla ya Krismasi. Wao wakamwacha. Msimu wa pili, 1942, timu ikacheza mechi tisa, ikashinda zote tisa, na haikuruhusu pointi hata moja. Hata moja! Na hakuwa na msaidizi wa kulipwa. Majani ya uwanja alikata yeye, mistari alichora yeye, wachezaji walioumia aliwafunga bandeji yeye, na mechi ikiisha alikaa kuandika habari yake ili magazeti yachape.

Inasimuliwa pia kwamba wachezaji wawili ndugu walichukuliwa na baba yao wakavune pamba wakati mechi zinakaribia. Kocha hakugomba na mzee wa watu. Alipakia timu nzima, wakaenda shambani, wakachuma pamba mpaka ikaisha, wakarudi na watoto wao. Sijui ni kocha gani wa leo anayeweza kuinama shambani na suti yake ya michezo ya matangazo.

Sasa zile chapati za wifi. Mle makumbusho nilikumbushwa kwamba timu ile ilipokuwa ikisafiri Kusini kwa basi ilibeba mikate iliyotiwa nyama, kwa sababu hoteli na migahawa mingi ya njiani haikuuzia watu weusi chakula. Kaka akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi nabeba kwa kupenda." Hatukuongeza neno. Tulipotoka tukala zetu chini ya mti, barabara ni ile ile ya Kusini, na mgahawa tungeweza kuchagua wowote.

KENGELE YA ASUBUHI

Kwa wale ambao futiboli ya Kimarekani ni mbio za kufukuzana tu, nitaeleza kwa kifupi. Ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Mpira ni kama yai, unabebwa mikononi au unarushwa. Una nafasi nne za kusogea yadi kumi, ukishindwa unawapa wenzako. Ukiufikisha mwisho wa uwanja unapata pointi sita. Anayepanga yote ni mmoja anayeitwa kwotabeki, ndiye anashika mpira kwanza na kuamua uende wapi. Jambo kubwa la kulielewa ni hili: Marekani mchezaji hapandi kutoka timu ya mtaani kwenda ligi kuu. Anatoka chuoni. Chuo ndiyo mlango, na kocha wa chuo ndiye mwenye ufunguo.

Robinson alijua kwamba wengi wanaoingia kwenye mlango huo hawafiki chumba cha pili. Kwa hiyo asubuhi alipita mabwenini na kengele, ile ya kuning'iniza shingoni mwa ng'ombe, akiamsha wachezaji waende darasani. Aliwafundisha kufunga tai, kushika uma na kisu, na kuongea mbele ya watu. Alikuwa na msemo wake kwamba kila kijana umfundishe kama vile ndiye atakayekuja kumwoa binti yako. Wazazi wenye mabinti mnaelewa uzito wa sentensi hiyo.

Nje ya jumba tulimkuta mzee mmoja amekaa kivulini, kofia nyeusi yenye herufi G ya dhahabu. Kaka akamsalimu kwa heshima zote za kule. Mzee akaniuliza, "Umetoka wapi, binti?" Nikamwambia Tanzania. Akatikisa kichwa, akauliza kama nimekuja kuona vikombe. Nikamwambia nimekuja kumwona kocha. Akacheka. Akasema yeye hakucheza mpira, alikuwa mwanafunzi tu, chumba chake kilikuwa ukumbi mmoja na wachezaji, na kengele ile ilimwamsha na yeye bila kumuuliza. "Nimemaliza chuo kwa kengele ya watu," akasema.

KWOTABEKI MWEUSI

Zaidi ya wachezaji 200 wa Robinson walifika kwenye ligi za kulipwa. Mwaka 1949 Tank Younger alichezea Los Angeles Rams, wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia NFL. Mwaka 1963 Buck Buchanan alichaguliwa namba moja katika mchujo mzima wa ligi ya AFL. Lakini kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli: nafasi ya kwotabeki. Wenye timu waliona mtu mweusi anaweza kukimbia na kugonga, ila kufikiri na kuongoza wenzake, hapana. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni, akifika ligi kuu alihamishiwa nafasi nyingine.

Mtangazaji Howard Cosell aliwahi kumchokoza Robinson juu ya jambo hilo, kwamba huyo kwotabeki wake wa ligi kuu yuko wapi? Kocha hakujibu kwa mdomo. Alimchukua kijana James Harris, akamlea katika nafasi hiyo hiyo, akakataa asibadilishwe. Mwaka 1969 Harris akaanza mechi ya ufunguzi wa msimu akiwa kwotabeki wa Buffalo Bills, mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Akafuata Doug Williams, aliyechaguliwa raundi ya kwanza mwaka 1978. Tarehe 31 Januari 1988, kwenye fainali kuu, Super Bowl, Williams aliongoza Washington kuikung'uta Denver 42-10. Katika robo ya pili peke yake alirusha mipira minne iliyozaa pointi. Mchezaji bora wa fainali akawa yeye, mtoto wa Grambling.

Mchezo wenyewe ulikuwa umeshatoka msituni zamani. Mwaka 1968 Grambling ilicheza New York, Yankee Stadium, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Mwaka 1976 ikacheza Tokyo, Japani! Aliyekuwa akisuka dili hizo alikuwa Collie J. Nicholson, mtu wa habari wa timu, aliyewahi kuwa mwandishi wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili. Na bendi ya chuo ndiyo usiseme. Ilipiga kwenye Super Bowl ya kwanza kabisa, Januari 1967. Siku ile nilipokuwa pale wapiga ngoma walikuwa mazoezini, jua kali, mistari imenyooka, ngoma zinagonga kifuani. Bibi zetu waliocheza beni pwani wangevua viatu na kuingia.

Ushindi wa 324 wa Robinson, uliovunja rekodi ya kocha Bear Bryant wa Alabama, ulipatikana 5 Oktoba 1985 pale pale Dallas, uwanja wa Cotton Bowl, Prairie View ikilala 27-7. Kaka amekaa Dallas miaka, anapita mbele ya uwanja huo, hakujua. Ushindi wa 400 ulikuja Oktoba 1995. Mwisho wa yote alimaliza na 408. Kwa mke ndiyo hivyo hivyo, alimwoa Doris mwaka 1941, akawa naye mpaka alipofariki 3 Aprili 2007. Kazi moja, mke mmoja. Washkaji, mnasikia?

MLANGO ULIPOFUNGULIWA

Usije ukadhani ni hadithi ya raha mustarehe. Kuna jambo moja lilinikaa moyoni.

Grambling ilikuwa tishio kwa sababu vyuo vikubwa vya wazungu wa Kusini havikuchukua weusi. Kijana wa Louisiana mwenye kipaji hakuwa na pengine pa kwenda. Septemba 1970 timu ya USC kutoka California, yenye nyota weusi, ilikwenda Birmingham ikaifunga Alabama 42-21 nyumbani kwake. Vyuo vya Kusini vikaona aibu na hasara kwa pamoja, milango ikafunguliwa kwa kasi. Haki ikatendeka, hilo hakuna wa kulipinga. Ila vijana wale wale ambao zamani wangekuja Grambling, sasa walikwenda kwenye viwanja vikubwa na televisheni. Alichokipigania Robinson maisha yake yote ndicho kilichomnyang'anya wachezaji.

Misimu yake miwili ya mwisho alishinda mechi tatu tu kila mwaka. Mwishoni mwa 1996 minong'ono ikawa kelele, mzee aondoke. Ndiyo, hata yeye! Watu wakapiga kelele za upande wa pili kumtetea, akaongezewa msimu mmoja. Mechi yake ya mwisho, Novemba 1997, alifungwa na watani wao wa jadi Southern, 30-7. Kwa hiyo aliyekaa miaka 56 naye aliaga kwa kufungwa na watani. Mpira hauna adabu.

Baada yake Doug Williams alikuja kufundisha, akatwaa ubingwa wa ligi yao, SWAC, mara tatu mfululizo kuanzia 2000. Kisha makocha wakaanza kupishana mlangoni. Mwaka 2013 ndiyo yakafika shingoni. Fedha za serikali ya jimbo kwa chuo zilikuwa zimekatwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Wachezaji wakalalamika: ukungu kwenye jengo la mazoezi, jezi zisizofuliwa vizuri, safari za basi za usiku na mchana. Williams, aliyekuwa amerudi kufundisha, akafukuzwa Septemba. Oktoba vijana wakagoma, hawakupanda basi kwenda kucheza na Jackson State, mechi ikapotea mezani. Timu ya Eddie Robinson, imegoma! Nchi nzima ikaandika.

MSIMU UNAOKUJA

Jioni tulishuka mpaka uwanja wa mpira, unaitwa kwa jina la kocha. Umekaa bondeni, majukwaa yamelalia kilima, nyuma yake misonobari. Unachukua watu wasiofika 20,000, lakini hiyo ni mara nne ya watu wa mji! Kocha wa timu wakati ule, Agosti 2025, alikuwa Mickey Joseph, mzaliwa wa Louisiana, aliyekuwa akifundisha wapokeaji wa mpira pale LSU ilipotwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2019. Grambling ilimchukua mwishoni mwa 2023. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi tano, akafungwa saba. Ubingwa wa SWAC wa mwisho ulikuwa wa 2017, na watu walikuwa na njaa.

Mtu anayechukua kazi ile ana mizigo mitatu kichwani.

Wa kwanza ni kubaki na wachezaji. Tangu 2021 mwanafunzi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa benchi mwaka mzima kama adhabu, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mara. Kijana uliyemtoa kijijini, ukamlisha, ukamfundisha, aking'ara Oktoba, Desemba vyuo vikubwa vinamwita, naye anafunga begi.

Wa pili ni mshiko. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kiwango cha juu karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Vyuo vyenye televisheni vinazitoa. Chuo kilichogomewa kwa ajili ya ukungu kitazitoa wapi? Sisemi kijana asilipwe. Waliochuma jasho la hawa vijana miaka yote walikuwa wengine. Ninachosema ni kwamba ile hadithi ya 1970 imejirudia: mlango wa haki umefunguliwa, na upepo unaopita hapo unapuliza karatasi za Grambling.

Wa tatu ni mechi za kwenda kupigwa kwa hundi. Chuo kidogo kinaalikwa na kikubwa, kinalipwa vizuri, kinakula kichapo, kinarudi na fedha za kuendesha idara. Tarehe 6 Septemba 2025 Grambling ilikwenda Ohio State, mabingwa wa taifa, uwanja wa watu zaidi ya 100,000. Matokeo? 70-0. Sabini! Mwaka 1942 timu ya Robinson haikuruhusu pointi hata moja msimu mzima, na hawa wakaruhusu 70 jioni moja. Kaka alinitumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Umeona mambo?"

Lakini usiwacheke. Mbio zao halisi si na Ohio State. Ni ndani ya SWAC, na kina Southern, Prairie View, Alcorn na Jackson State. Kila mwaka Jumamosi ya mwisho mwisho wa Novemba, baada ya sikukuu ya Shukrani, wanakutana na Southern New Orleans, mechi inayoitwa Bayou Classic, iliyoanza 1974. Ukitaka picha, chukua Simba na Yanga, ongeza bendi mbili zinazoshindana kama rusharoho, ongeza mashangazi waliosafiri siku nzima na masufuria. Huko ndiko msimu wa Grambling unakopimwa. Mechi kumi mbovu zinasamehewa kwa hiyo moja.

Mimi nikiulizwa wa msimu unaokuja na mingine itakayofuata, siwapimi kwa vikombe. Kikombe kinaweza kuja, SWAC si mlima Kilimanjaro. Nawapima kwa kengele. Kocha wa sasa, awe nani, hata akitaka kukaa miaka 56 hawatamwacha, na wachezaji wake nao hawatakaa. Anao kijana mwaka mmoja, labda miwili. Swali ni je, katika mwaka huo mmoja atamwamsha aende darasani, au atamwangalia tu anavyokimbia? Kijana akihama na shahada yake mfukoni, au akiumia goti akiwa amebakiza mtihani mmoja, hapo ndipo utajua kama Grambling bado ni Grambling.

Na hapa nakutazama wewe, msela wangu wa kidato cha tatu pale Temeke ambaye umeitwa majaribio na timu ya ligi kuu, umeshaanza kuuza daftari. Sikukatazi kucheza. Kacheze, tena ufunge. Ila muulize huyo anayekusajili swali moja tu: asubuhi nani ananiamsha kwenda shule? Akikuangalia kama umemtukana, shika madaftari yako vizuri, mpira wenyewe hauna adabu, nimeshakwambia.

Kaka sasa akipita I-20 na lori lake anapiga honi mbili mbele ya kile kibao. Anasema ni salamu kwa mwenye kengele. Wiki ijayo panapo majaliwa tutakuwa New Orleans, nikueleze nilivyokula kamba nikasahau jina langu. Kaa mkao wa kula!